Aliyerudi Kabla ya Barua

Ilipofika saa nne ya asubuhi mtaa wote wa Laygate, huko Uingereza, ulikuwa umeshafungua mapazia meusi ya vita isipokuwa nyumba moja, na hiyo ndiyo nyumba aliyokuwa akiiendea Musaid Thabit. Alisimama ng'ambo ya barabara, mfuko wake wa baharia begani, akaitazama. Nelly hakuwa mtu wa kukaa gizani. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta pazia, na kabla ya kuolewa na Hizam, mdogo wake Musaid, alikuwa amesema wazi kwamba mwanamume asiyependa madirisha wazi asimpotezee muda.

Musaid alidhani Nelly ameshajua. Alidhani barua ya serikali imemtangulia, akaona nafuu, kisha akaionea haya nafuu hiyo. Kwa siku kumi na mbili alikuwa akiifanyia mazoezi sentensi moja kinywani, melini na kwenye treni, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza: Nelly, Hizam hatarudi. Hakuna lugha iliyoifanya iwe fupi vya kutosha.

Alipobisha alisikia miguu ikishuka ngazi mbiombio. Mlango ukafunguliwa kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, na kabla hajauona uso wa shemeji yake, ikamfikia harufu. Mafuta mazito ya meli, na maji ya chumvi. Nelly alikuwa amekonda. Midomo yake imepauka, na nywele zake nyekundu zilikuwa zimelowa upande mmoja tu, kama za mtu aliyelalia mto uliorowa. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Shemeji," alinong'ona. "Ingia upesi. Na uvue hayo mabuti yako, yana kelele. Amelala."

"Nani amelala?"

"Nani tena? Mdogo wako." Alimvuta mkono ndani, akafunga mlango, akapiga komeo. "Usimwambie mtu. Hajaripoti ofisini kwao. Akijulikana yuko hapa watasema ametoroka meli, na hawezi kurudi, Musaid, siyo kwa hali aliyonayo. Kaa, nikupe chai. Unanuka treni."

Musaid alikaa. Jikoni kulikuwa na baridi kuliko nje, ingawa makaa yalikuwa yanawaka. Nelly alimimina vikombe viwili. Cha kwanza alimpa yeye. Cha pili alikitia vijiko vitatu vya chumvi, akakoroga taratibu, akakifunika kwa kisahani.

"Chumvi?" Musaid aliuliza.

"Ndiyo anayoitaka. Sukari anaitema. Tumbo lake limeharibika kwa maji aliyomeza." Alisema hayo kama mke yeyote anayelalamikia mume mgonjwa. "Hali chakula. Hataki mwanga, mafuta yamemwingia machoni. Nimemwosha nywele kila siku na yale mafuta hayaishi, nikisuuza yanatoka mengine. Shuka naanika kutwa. Lakini yuko hapa, shemeji. Wenzake wote wamezama naye yuko hapa."

"Alifika lini, Nelly?"

"Jumapili ile ya tarehe saba. Nilikuwa namenya viazi. Saa kumi alasiri, redio ndiyo imetoka kusema saa."

Kwa muda mfupi Musaid alishusha pumzi. Saa kumi. Yeye alikuwa ameitazama saa ya melini mwenyewe meli ya Hizam ilipopigwa, nayo ilisema saa nane. Palikuwa na tofauti ya saa mbili nzima, na ndani ya tofauti hiyo pengine kulikuwa na ndege, au mashua ya wavuvi, au muujiza wowote. Kisha akakumbuka kwamba katikati ya bahari saa ya meli hurudishwa nyuma, ifuate jua. Saa nane ya kule ni saa kumi ya hapa. Ilikuwa dakika ileile.

Jumapili hiyo msafara wao ulikuwa na meli thelathini na nane, zimejipanga safu kwa safu, zikitoka bandari ya Halifax na ngano, mbao na chuma kwa ajili ya Uingereza. Musaid alikuwa mchochea tanuri kwenye Harrow Fell, meli inayoendeshwa kwa makaa. Hizam alikuwa mbele yake katika safu ileile, kwenye Ansley Moor. Mama yao kule Yemen aliwaapisha wasipande meli moja ili vita visimpokonye wote kwa siku moja, na tangu hapo walikuwa wakitafutana bandarini tu. Hizam alikuwa amepata meli inayotumia mafuta, akawa hana jingine la kusema. "Kaka, wewe endelea kulisha mawe," alimwambia Halifax siku ya mwisho, akimshika mikono iliyopasuka. "Mimi nafungua bomba, nakaa, navuta sigara. Na wewe hata barabara ukivuka unaangalia mpaka juu."

Musaid alikuwa amemaliza zamu, amepanda juu kuvuta hewa. Alikuwa ameizoea nyuma ya Ansley Moor kama mtu anavyozoea mgongo wa anayeswali mbele yake. Kombora la nyambizi lilipoingia, mlio wake haukuwa mkubwa kama watu wanavyodhani. Ulikuwa kama mlango mzito uliofungwa mahali fulani chini ya bahari. Meli ilikuwa imejaa madini ya chuma, ikazama upesi kuliko mtu anavyomaliza kikombe cha chai. Amri ilijulikana kwa wote: hakuna meli inayosimama, kwa sababu inayosimama ndiyo inayofuata. Chombo cha kuokoa watu kilichokuwa kikifuata nyuma ya msafara kilikuwa kimezamishwa jana yake. Kwa hiyo Harrow Fell haikusimama. Ilipita katikati ya watu, karibu kiasi cha kuona meno yao, maana nyuso zote zilikuwa nyeusi kwa mafuta.

Hayo ndiyo aliyokuwa amekuja kumweleza Nelly. Badala yake aliinuka na kusema, "Nitampelekea chai mimi."

Ngazi zilikuwa na majimaji. Kila alipopanda hatua moja, baridi iliongezeka, na harufu ikawa nzito mpaka akaionja ulimini. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Kitandani, ndani ya giza la pazia, mtu alikuwa amelala ameelekea ukutani, blanketi limefika mabegani, na kisogo kile Musaid alikijua, alikuwa amekinyoa mwenyewe tangu Hizam akiwa mtoto.

"Assalamu alaikum," alisema.

Salamu haikujibiwa. Maji yalidondoka kutoka pembe ya godoro, tone, kimya, tone.

"Hizam."

"Umechelewa, Musaid," sauti ilisema, na ilikuwa sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wa sigara. "Nimekungoja sana. Ile pini ilikuwa baridi?"

Kikombe kilimtoka Musaid mkononi. Hakukumbuka kushuka ngazi; alikumbuka tu kwamba yule wa kitandani alianza kugeuka, polepole, bega kwanza, kama mtu anavyogeuzwa na wimbi na si kama mtu anayejigeuza mwenyewe, na kwamba yeye alijua kwa mwili wake wote, kuanzia nyayo zilizolowa hadi meno yaliyokuwa yanagongana, kwamba uso ule ukimaliza kugeuka ataona ama mdogo wake au kitu kisicho mdogo wake, na kati ya hayo mawili hakujua ni lipi asingeweza kulistahimili, na alipojitambua tena alikuwa barabarani bila viatu, mama mmoja mwenye kitoroli cha mtoto akimtazama kwa huruma kama mlevi.

Maana kuhusu hiyo pini hakuna mtu hata mmoja duniani aliyejua.

*

Sheikh Ghalib alikuwa akiswalisha katika nyumba ambayo zamani ilikuwa kilabu cha bia, karibu na mto. Kabla ya kuwa sheikh alikuwa amechochea matanuri ya meli kwa miaka kumi na tisa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Baada ya swala ya Ijumaa, watu walipokwisha kuondoka, Musaid alimkalisha pembeni akamweleza: meli, mafuta, watu majini, Nelly, chumvi, yule kitandani.

Sheikh alisikiliza macho yakiwa kwenye mkeka. "Umekuja bila viatu," alisema mwishowe.

"Nimeviacha kule."

"Na umenieleza nusu."

King'ora cha gatini kililia, cha mapumziko ya mchana, na sauti za mafundi wakicheka zikapita dirishani.

"Kulikuwa na chelezo," alisema. "Jukwaa la mbao juu ya mapipa matupu, limefungwa pembeni ya meli kwa ajili yetu, tukizama. Unavuta pini moja, linaanguka majini. Nilikuwa nimesimama pale pale. Yeye akaniona. Aliniita kwa jina, akasema, 'Kaka, fungua chelezo.' Hakupiga hata kelele, Sheikh. Alisema kama mtu anayeomba kibiriti. Nikaweka mkono kwenye pini. Nikafikiri, leo usiku huenda ikawa sisi. Nikafikiri vyelezo ni vinne na sisi ni watu arobaini na tatu. Hakuna aliyenizuia. Sikukataa. Sikukubali. Nilikuwa nafikiri tu, na meli ikapita."

Sheikh Ghalib hakumlaumu, wala hakumwambia si kosa lake. Alimwekea ule mkono wa vidole vitatu gotini, akauacha hapo.

"Maiti harudi," alisema. "Huyo aliye juu si Hizam. Kila mtu anazaliwa na jini wake, karini, anatembea naye, anasikia anayosikia, anajua siri zake. Mtu akifa karini huenda zake. Lakini baharini kule, Musaid, hakukuwa na kuoshwa, hakukuwa na sanda, hakukuwa na mtu wa kusema huyu amekufa. Huyo karini amekaa na mdogo wako miaka thelathini na moja. Ameachwa majini peke yake. Akaja mahali pekee anapopajua."

"Ni mbaya?"

"Ni yatima. Lakini atamwua Nelly. Hakusudii, atamwua tu. Mwanamke mwenye damu hawezi kulala kando ya kitu cha bahari. Umeona midomo yake. Mpaka mwezi uishe atakuwa ameshakwenda."

"Basi njoo umtoe. Msomee."

"Nitasoma, na swala ya maiti tutaiswali, japo maiti hayupo. Lakini mimi siye niliyemfungulia mlango. Aliyemkaribisha ndiye wa kumuaga. Na hatamuaga mume ambaye hajaambiwa amekufa." Sheikh alimtazama usoni. "Utamwambia yote, na ile nusu. Kingine kimoja: asimwulize kitu. Jini huyo atajibu kila swali, na jibu lake litakuwa kweli au uongo, na hakuna atakayeweza kupambanua mpaka siku ya kufufuliwa. Watu wameishi na majibu ya namna hiyo. Si maisha."

*

Walikwenda Jumamosi baada ya adhuhuri. Nelly aliwafungulia, akamtazama Sheikh, akatazama kitabu alichokishika, na tabasamu likamtoka usoni. Hakuwazuia. Mabuti ya Musaid yalikuwa kando ya moto, yamepakwa dawa na kung'arishwa.

"Kaa, binti yangu," Sheikh alisema.

"Nimekaa siku nyingi mno. Semeni."

Musaid aliisema ile sentensi yake. Sasa haikuwa ndefu hata kidogo. Nelly aliendelea kumtazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili, ndipo Musaid alipoelewa kwamba hakuwa ameshtuka.

"Unadhani sijui?" Nelly alisema kwa sauti ya chini. Juu yao ubao wa sakafu ulilia mara moja, kisha ukatulia. "Mimi ni mke wake. Nililala sikio langu kifuani pake usiku wa kwanza kama ninavyolala siku zote. Hakuna kitu mle ndani, Musaid. Ni kama kuweka sikio kwenye kombe la pwani."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu alipovuka kizingiti. Paka aliondoka, hajarudi."

"Basi kwa nini, Nelly?"

"Kwa sababu barua haijaja. Wewe hukuwapo. Mama yangu alishasema zamani kwamba mwanamke akiolewa na Mwarabu asije kumlilia mlangoni. Nani alikuwa wa kunishika? Akaja yeye. Analijua jina langu. Anajua ule wimbo tunaoimba tukianika nguo. Nikilia usiku ananiwekea mkono hapa." Aligusa bega lake. Gauni lilikuwa na doa jeusi la kiganja. "Baridi, ndiyo. Nikasema bora baridi."

Sheikh aligeuza uso, akapangusa macho kwa kilemba.

"Kuna jingine," Musaid alisema. Akamweleza habari ya chelezo. Alimweleza akiwa amesimama, mikono imening'inia, na hakuacha neno, hata lile la kibiriti. Alipofika mwisho jiko lilikuwa kimya mpaka wakasikia maji juu, tone, kimya, tone.

Nelly hakumpiga. Musaid alikuwa ametumaini atampiga. Nelly aliyainua mabuti ya Musaid kutoka mbele ya moto, akayaweka nje kwenye baraza, kwa uangalifu, moja kando ya jingine. Aliporudi alikunja mikono ya gauni kama mtu anayekwenda kufua.

"Nitamwambia aende," alimwambia Sheikh. "Lakini napanda peke yangu. Ninyi someni huku chini."

"Usimwulize kitu, binti yangu. Nakuomba. Mwambie mume wako amekufa, mwambie nyumba hii si yake, fungua pazia na dirisha, basi."

Nelly alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana, akapanda.

Sheikh alisimama kwenye ngazi ya chini akaanza kusoma, sauti ya wastani, kama mtu anayesomea mgonjwa. Musaid alisimama nyuma yake. Walimsikia Nelly akifika, akiketi kitandani, na godoro likitoa maji kama sponji. Walimsikia akisema jambo. Kisha wakasikia sauti ya mwanamume ikimjibu.

Ilizungumza muda mrefu. Sheikh alipandisha kisomo, jasho likamtoka ingawa pumzi yake ilikuwa ikionekana kwa baridi, na Musaid, ambaye alipaswa kuitikia, alijikuta amenyamaza na kutega sikio, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya Hizam ikisimulia, na ndani ya ule mnong'ono, uliokuwa ukipanda na kushuka kama redio ya jirani, alilisikia jina lake, Musaid, mara moja, na tena, na baada ya jina kulikuwa na maneno, maneno machache tu, ambayo kama angepanda ngazi tatu angeyasikia, lakini ngazi zilikuwa zimeanza kuteremsha maji, kwanza utando mwembamba, kisha mkondo mweusi wenye rangi za mafuta uliomfikia vifundoni, na miguu yake ikafa ganzi kama ilivyokuwa imekufa ganzi siku ile, na safari hii pia hakwenda.

Halafu sauti ilikatika. Nelly akasema, wazi kabisa, wakamsikia wote wawili: "Haya. Hizam Thabit amekufa. Wewe nenda zako, mpenzi. Hapa si kwako."

Kilichofuata hakikuwa kelele ya hasira. Kilikuwa kilio, cha kitu ambacho hakikuwahi kujifunza kulia na kilikuwa kinajaribu. Nyumba nzima ikaguna, kuanzia msingi, mguno ambao Musaid na Sheikh waliujua, wa mabamba ya chuma yanapokunjika. Vikombe vilianguka jikoni. Juu, pazia lilichanika, dirisha likapigwa wazi, na mwanga wa mchana ukashuka ngazini kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tatu. Walipotazama miguuni, mbao zilikuwa kavu.

Nelly alishuka amejishika ukutani. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Alikwenda kwenye beseni, akachukua sabuni, na mafuta yakatoka kwa maji ya kwanza.

"Ulimwuliza," Sheikh alisema.

"Nilimwuliza."

"Nilikukataza."

"Yeye ndiye aliyekuwa naye kule majini." Hakugeuka. "Wewe ulikuwa hapa, mimi nilikuwa hapa, huyu alipita na meli yake. Mume wangu alikaa majini saa nzima baada ya hapo, Sheikh. Saa nzima. Ungenitaka nimwulize nani?"

Sheikh alitandika mswala mbele ya moto, akamwita Musaid, wakaiswali swala ya maiti bila maiti, na Nelly akaketi kwenye kiti nyuma yao, mikono mitupu mapajani.

Walipomaliza, Musaid alibaki ameketi chini. "Nilisikia jina langu," alisema. "Alisema nini?"

Nelly alimtazama. Haukuwa uso wa chuki, angeujua. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni na anaogopa kukisogeza.

"Hayo ni yangu," alisema.

*

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Wakati huo Musaid alikuwa baharini tena. Alivuka Atlantiki mara tisa zaidi kabla vita havijaisha, na mara moja meli yake ilizamishwa. Alikaa siku mbili kwenye chelezo pamoja na Wanorwei watatu, akaokolewa, na hakuwahi kumweleza mtu yeyote aliyoyawaza katika siku hizo mbili.

Mama yake alimwandikia kutoka Yemen, kwa mkono wa mwandishi wa sokoni, akiuliza kama Hizam alizikwa vizuri. Alimjibu kwamba ndiyo.

Nelly hakuolewa tena. Alifanya kazi kwenye duka la mikate pale Laygate, na madirisha yake yalikuwa wazi baridi na joto. Kila Idi Musaid alimpelekea nyama, naye akamwandalia chai, wakazungumza juu ya bei ya makaa, juu ya Sheikh Ghalib aliyekufa kwa kifua, juu ya majirani. Alimwita shemeji kama zamani. Alimcheka akianza kupata upara. Na kila Idi swali lilipanda mpaka nyuma ya meno ya Musaid, likashuka. Usiku mwingine aliamini kwamba mdogo wake alimsamehe, kwa sababu kama angemlaani, Nelly asingeweza kumkatia mkate kwa mikono ile. Usiku mwingine aliamini kwamba alilaaniwa, na kwamba mikono ile inamhurumia. Na mara nyingi alikumbuka alichosema Sheikh, kwamba huenda maneno yenyewe hayakuwa ya Hizam hata kidogo. Akawa analitamani hata jibu la uongo.

Ilikuwa mwaka wa kumi na nane tangu siku ile Nelly alipolazwa hospitali na kifua kilichogoma kupona. Musaid alikwenda kila siku saa za kuona wagonjwa, akakaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, kofia magotini. Siku ya mwisho muuguzi alimwambia asikae sana, na kwa namna alivyolisema akaelewa.

"Nelly," alisema. "Nimezeeka. Nakuuliza mara hii, sitakuuliza tena."

Nelly alifumbua macho. Yalikuwa bado na rangi yake ya kijani.

"Alisema nini juu yangu?"

Nelly alinyoosha mkono, akamshika ule wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole gumba kama anayetafuta alama.

"Nimesahau, shemeji," alisema.

Na Musaid, aliyekuwa akimjua kwa zaidi ya miaka ishirini, aliona wazi kwamba hakuwa amesahau hata neno moja. Aliuacha mkono wake pale, ndani ya mkono wa Nelly, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia kwamba sasa anaweza kuuondoa.